Mizizi ndani ya bomba la maji taka: jinsi ya kuigundua, kuitoa na kuziba ilikoingilia

Mzizi hautoboi bomba lisilo na kasoro. Naanza na hilo kwa sababu kila hatua itakayofuata imejengwa juu yake, na kwa sababu nimeona miti mizuri ikikatwa bure na watu walioamini kwamba mzizi una nguvu ya kupasua plastiki au zege isiyo na ufa. Ncha ya mzizi ni laini, nyembamba kama uzi wa kushonea, na hukua kuelekea penye unyevu. Ikikutana na bomba lisilovuja hulizunguka na kuendelea na safari yake. Ikikutana na ungio linalovuja, hata kama kinachotoka ni jasho tu, hukaa hapo.

Ni kweli kwamba mzizi mnene unaweza kulisukuma bomba lililolazwa kina kifupi jirani na shina, likapinda au maungio yake yakaachana. Lakini mara nyingi mambo huenda kinyume na watu wanavyodhani: bomba lilivuja kwanza, mti ukafuata. Kuna kazi mbili basi. Ya kwanza ni kuitoa mizizi ili maji yapite leo. Ya pili ni kuziba ilikoingilia. Anayefanya ya kwanza peke yake atairudia kila baada ya miezi kadhaa, na kila mara atakuta mizizi minene kuliko ya awali, maana mzizi uliokatwa huchipua matawi mengi zaidi, kama ua la miti linavyofanya likipogolewa.

Kinachotokea chini ya ardhi

Maji yanayotoka bafuni na jikoni mara nyingi yana joto kuliko udongo. Mvuke na matone hupenya kwenye ungio bovu na kulowesha udongo wa pembeni. Tena udongo uliofukiwa juu ya bomba siku ya ujenzi ni mlegevu kuliko ardhi ya asili iliyo kandokando, kwa hiyo mtaro wenyewe unakuwa njia rahisi ya mizizi: una hewa, una unyevu, hauna ugumu. Mizizi mingi ya miti hukaa kwenye sentimita 60 za juu za udongo na husambaa mbali kupita kivuli cha matawi, mara mbili au tatu ya upana wake. Usijidanganye kwamba mti ulio ng'ambo ya ua hauhusiki.

Uzi wa kwanza ukishaingia bombani unakuta kila kitu: maji, hewa, na uchafu uliojaa naitrojeni na fosforasi. Unatoa matawi mamia kwa mamia. Karatasi, nywele na mafuta ya jikoni vinanasa humo. Wakati huohuo, sehemu ya mzizi iliyobanwa kwenye ufa inanenepa na kuupanua ufa, uvujaji unaongezeka, na mizizi mingine inaitwa.

Nimewahi kuvuta kichaka cha mizizi chenye urefu wa karibu mita moja na nusu kutoka kwenye bomba la inchi nne. Kilitoka kizima, cha mviringo kama bomba lenyewe, kizito kwa maji, rangi ya kahawia iliyoiva, kinafanana na mkia wa mnyama mwenye manyoya mengi. Nilipokigeuza kutafuta shina lake nikakuta lina unene wa penseli, limebonyea na kuwa bapa pale lilipopita kwenye ungio. Mkia wote ule ulikuwa unalishwa na kuingia kupitia upenyo ambao ukucha usingepita.

Mabomba yanayoshambuliwa zaidi ni ya zamani: ya udongo wa kuchoma na ya zege, yaliyounganishwa kwa saruji. Saruji husinyaa, ardhi husogea kidogo, ungio linapasuka. Na maungio yenyewe ni mengi. Piga hesabu: bomba la udongo lenye vipande vya sentimita 60, katika mita 20 lina maungio 33. Bomba la plastiki la vipande vya mita 6 lina matatu. Plastiki nayo haina kinga kama imeunganishwa vibaya, na ninakuta mizizi kwenye PVC mpya kabisa ambayo raba yake ilijikunja wakati wa kusukumwa, au ambayo fundi alipaka gundi upande mmoja tu.

Hatua ya kwanza: soma dalili

Bomba lililoziba kwa kitambaa kilichotupwa chooni huziba ghafla. Mizizi haina haraka. Choo kinaanza kushuka polepole. Ukimwaga ndoo ya maji bafuni, choo kinatoa mapovu na sauti ya kugugumia, kwa sababu hewa iliyobanwa inatafuta pa kutokea. Sehemu iliyo chini kabisa ya nyumba ndiyo huonyesha kwanza: karo la bafu la chini, au choo cha ghorofa ya chini. Ikiwa ni sinki moja tu linalosumbua na vingine vyote viko sawa, tatizo liko kwenye bomba la sinki hilo na si kwenye bomba kuu; usiende kuchimba uwanja.

Nje, tafuta ukanda wa majani uliostawi kupita kiasi juu ya njia ya bomba, udongo unaobaki na unyevu wakati wa kiangazi, au mahali palipodidimia. Na dalili ninayoiamini kuliko zote: bomba limezibuliwa, likaenda vizuri miezi minne au sita, likaziba tena palepale.

Hatua ya pili: pima ilipo

Fungua chemba iliyo karibu na nyumba. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake, kuelekea kwenye tanki au bomba la mtaa. Ikiwa kavu huku choo kimejaa, kizuizi kiko kati ya choo na chemba hiyo. Endelea kufungua moja baada ya nyingine hadi upate chemba iliyojaa inayofuatwa na iliyo kavu. Mzizi uko katikati ya hizo mbili.

Kabla hujainama, sikiliza hili. Hewa ya ndani ya chemba na tanki inaweza kuwa na haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza. Hatari yake ni kwamba ikizidi kiwango fulani inaua uwezo wa pua kunusa, hivyo harufu inapotoweka unadhani hewa imesafika kumbe imekuwa mbaya zaidi. Ni nzito kuliko hewa, inatulia chini. Watu wamekufa wakiingia kumtoa mwenzao aliyeanguka. Acha mfuniko wazi kwa muda, usiwashe kiberiti wala sigara karibu, fanya kazi yote ukiwa juu, na usishuke ndani ya chemba ya kina wala tanki. Kushuka ni kazi ya watu wenye kipima gesi, mkanda wa kuokolea na mtu wa kuwavuta.

Huna kamera? Fimbo za kuzibulia zinatosha kukupa umbali. Ziingize ukianzia chemba kavu kuelekea juu, hadi zigonge. Weka alama ya tepu kwenye fimbo usawa wa mdomo wa bomba, zivute nje, uzilaze juu ya ardhi ukifuata mstari wa bomba, kisha upige kigingi zilipoishia. Ukianzia chini hivyo, jiweke kando: kizuizi kikifunguka, maji yote yaliyokusanyika yanakuja kwa mkupuo.

Angalia pia ncha ya fimbo imetoka na nini. Nyuzi za kahawia ni mizizi. Utando mweupe au wa kijivu unaoteleza ni mafuta. Udongo na vijiwe maana yake bomba limevunjika, na hapo kukata mizizi hakutasaidia kitu. Nenda moja kwa moja kwenye kuchimba.

Hatua ya tatu: zibua

Kwa mkono, unatumia fimbo zilezile zenye kichwa cha skrubu au cha kukwangua. Zungusha kuelekea kulia tu, upande wa kukaza, unaposukuma na unapovuta. Ukizungusha kushoto hata mara mbili tatu, fimbo moja itafunguka na kubaki ndani, na sasa una matatizo mawili. Fimbo huweza kuvuta mizizi laini na kufungua njia ya maji, ila haziwezi kusafisha ukuta wa bomba.

Mashine ya springi, yaani springi ndefu inayozungushwa na mota ndani ya bomba ikiwa na kisu nchani, ndiyo hukata kweli. Anza na kisu kidogo. Kwa bomba la milimita 100, kisu cha milimita 50 kinafungua njia, cha 75 kinapanua, halafu kile kinachokaribia upana wa bomba kinanyoa ukuta. Ukianza na kikubwa, kinazama kwenye kichaka na kukwama. Kisu kikikwama huku mota inazunguka, springi inajisokota kama kamba na kurudisha nguvu yote kwenye mikono yako. Mkono umevunjika kwa namna hiyo zaidi ya mara moja. Simamia kanyagio la mguu, liachie mara unaposikia mota inalemewa, rudisha nyuma kidogo, ingia tena taratibu. Glavu ziwe za ngozi. Za kitambaa zinanaswa na springi na kuuvuta mkono pamoja nazo. Vaa miwani, na umeme upitie swichi inayokata yenyewe ukivuja, kwani unasimama kwenye maji.

Njia ikishafunguka, acha maji yatiririke ndani ya bomba wakati unaendelea kukata ili mabaki yasogee. Na hapa watu wengi husahau: weka wavu au reki kwenye chemba ya chini ukamate kinachotoka. Mizizi iliyokatwa na kuachiwa iende zake inaziba kona inayofuata au inajaza tanki.

Mashine ya maji yenye msukumo mkubwa, iliyofungwa kichwa cha kukata mizizi, inasafisha kuliko springi kwa sababu inaondoa na mafuta. Kwa bomba la plastiki au la udongo lililo imara naipendelea. Kwa bomba lenye nyufa ndefu au vipande vilivyolegea, nahofia. Msukumo wa maji unaweza kung'oa kipande kilichokuwa kimejishikilia tu na kusomba udongo wa nje. Katika hali hiyo tumia springi, kwa upole, halafu utazame.

Hatua ya nne: tazama kwa kamera

Kamera ipite baada ya kuzibua, si kabla, la sivyo utaona maji machafu tu. Kama unamkodisha fundi, mwombe akuachie picha ya video na akuambie mambo matatu kwa kila ungio bovu: umbali kutoka chemba, mizizi inaingilia upande gani (juu, ubavuni au chini), na bomba lenyewe liko katika hali gani hapo. Kamera nyingi zina kitoa mawimbi kwenye kichwa, na kwa kifaa cha kupokelea juu ya ardhi fundi anaweza kuweka alama mahali hasa penye kosa pamoja na kina chake. Dakika tano za kazi hiyo zinaokoa siku nzima ya kuchimba kwa kubahatisha.

Nyumba moja ilikuwa ikizibuliwa kila baada ya miezi michache kwa miaka. Mwenye nyumba alishaamua kukata mti mkubwa uliotia kivuli ua wote. Kamera ikaonyesha maungio yote mazima isipokuwa mahali pamoja: fundi wa zamani alikuwa ametoboa ubavu wa bomba kwa nyundo ili kuunganisha bomba la bafu jipya, akaziba pembezoni kwa saruji. Mizizi yote ilitoka hapo. Tulibadilisha kipande cha mita moja na nusu na kuweka tii (kiungo cha njia tatu) ya kiwandani. Mti upo hadi leo na bomba halijaziba tena.

Kuhusu dawa, kabla hujazinunua

Salfeti ya shaba, zile chenga za buluu, inaua mzizi inaougusa. Ila ukiimwaga chooni inapita chini ya bomba pamoja na maji kwa dakika chache, ilhali mizizi mingi imening'inia juu ya usawa wa maji. Ina sumu kwa samaki, inadhuru bakteria wanaofanya kazi ndani ya tanki, na yako maeneo yaliyoipiga marufuku kwenye maji taka, kama ukanda wa ghuba ya San Francisco nchini Marekani. Chumvi ya mawe inachakaza chuma na kuharibu udongo. Magadi makali ya kuzibulia hayayeyushi mti. Yanachofanya ni kukaa juu ya kizuizi yakimsubiri atakayefungua bomba, yamchome usoni. Kama umeshayamwaga, mwambie fundi kabla hajagusa chochote.

Dawa yenye mantiki ni ya povu, yenye dikilobenili, kwa sababu povu hujaza bomba zima na kugusa mizizi ya juu, na dawa yenyewe huzuia kuchipua. Iwekwe na mtu aliyeruhusiwa kuitumia, wiki chache baada ya kukata, pale mizizi inapoanza kuchipua upya. Inakununulia muda. Tundu liko palepale.

Hatua ya tano: amua namna ya kuziba

Ungio moja au mawili mabovu, kina kisichozidi kimo cha mtu, hakuna kitu cha thamani juu yake: chimba. Maungio mabovu kila baada ya hatua moja: usihangaike na viraka, badilisha bomba lote au livike ngozi mpya kwa ndani. Bomba lililo chini ya sakafu, barabara au mizizi mikubwa ya mti unaoutaka: livike.

Kuvika maana yake ni kuingiza soksi ya kitambaa kizito iliyoloweshwa gundi ya rezini, ikasukumwa kwa maji au hewa hadi ikalala ukutani mwa bomba la zamani, kisha ikakaushwa kwa maji moto, mvuke au mwanga wa urujuanimno. Eric Wood aliifanya kwa mara ya kwanza London mwaka 1971, na tangu hapo imeenea duniani kote. Unapata bomba ndani ya bomba, halina ungio hata moja kutoka chemba hadi chemba. Masharti yake: mizizi yote iwe imenyolewa kabisa, bomba liwe bado na umbo la mviringo, na matawi yanayoingia njiani yakatwe upya kutoka ndani. Mahali penye maungio ya matawi hayo papewe uangalizi, ndipo mizizi hujaribu tena.

Njia nyingine ni kuvuta kichwa cha chuma kinacholipasua bomba la zamani huku kikiburuta nyuma yake bomba jipya la polithini lililochomelewa kwa joto. Inafaa hata bomba lilipobomoka sehemu, mradi kamba iweze kupita.

Hatua ya sita: kuchimba na kubadilisha

Jua kwanza nyaya za umeme, mabomba ya maji safi na ya gesi yanapita wapi. Udongo unaochimbwa uwekwe angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mtaro ukipita mita 1.2 kwenda chini, zuia kuta kwa mbao au zichonge ziwe na mlalo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukuta hautoi taarifa kabla ya kuanguka.

Fika kwenye bomba kwa mikono, si kwa sururu. Fuatilia mzizi hadi unapoingia, upige picha, kisha ufunue bomba sentimita 30 au zaidi kila upande kupita sehemu mbovu. Kata kwa grainda yenye diski ya almasi. Usivunje kwa nyundo, kwa kuwa mtetemo unapasua ungio la jirani na mwakani utaitwa tena, hatua moja mbele. Ziba mdomo wa bomba la juu kwa kizibo wakati unafanya kazi, na uhakikishe nyumbani hakuna anayevuta choo.

Weka tandiko la mchanga au kokoto ndogo, unene wa sentimita 10, ulilosawazisha kwa mteremko wa kati ya sentimita 1.5 na 2.5 kwa kila mita. Kuupima ni rahisi. Chukua pima maji ya urefu wa mita moja, funga kwa tepu kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 2 chini ya ncha moja, uilaze juu ya bomba ncha hiyo ikielekea maji yaendako. Kiputo cha pima maji kikikaa katikati, una sentimita 2 kwa mita. Soketi, ule mdomo mpana wa bomba, ielekee juu, maji yanakotoka, ili ncha ya bomba la juu iingie ndani yake kwa kufuata mkondo.

Karibu na mti napendelea maungio ya gundi. Kata ncha iwe imenyooka, isiwe mshazari, kwangua mabaki ya plastiki ukingoni, jaribu ikiwa kavu na uweke alama ya kina. Safisha kwa kimiminika chake, paka gundi pande zote mbili, ndani ya soketi na nje ya bomba, sukuma huku ukizungusha robo mzunguko, ushikilie sekunde 30. Mduara wa gundi ulioshikamana kuzunguka mdomo wa soketi ndio ushahidi wako. Ukikatika mahali, ungio hilo halijajaa.

Kwa ungio la raba, chonga ncha ya bomba iwe na mlalo, futa mchanga wote, paka sabuni laini au kilainishi chake. Usitumie oili ya gari wala grisi, inaharibu raba. Sukuma hadi mwisho kisha urudishe sentimita 1, nafasi ya plastiki kutanuka. Pitisha kidole kuzunguka uone raba imekaa kwenye mfereji wake. Iliyojikunja itoe, uanze upya, hata kama umechoka.

Kuunganisha plastiki na bomba la zamani la udongo au zege, tumia kola ya raba nzito yenye klampu za chuma kisichoshika kutu, ya saizi inayolingana na vipenyo vyote viwili. Usizibe kwa saruji, na usimwage zege kuzunguka ungio ukidhani ni ulinzi. Saruji haijui kupinda. Ardhi ikisogea itapasuka, na utakuwa umejenga tena kosa lilelile lililomkaribisha mti.

Kabla ya kufukia, jaribu kwa maji. Ziba upande wa chini, jaza hadi chemba ya juu, acha yatulie, weka alama ya usawa, ngoja nusu saa. Kausha kila ungio kwa kitambaa na ulishike kwa kiganja kikavu. Unyevu kidogo kiganjani unatosha kukukatalia kufukia. Mzizi utausikia kabla yako.

Fukia kwa mchanga au udongo laini usio na mawe, ukishindilia kwanza mbavuni hadi sentimita 10 au 15 juu ya mgongo wa bomba. Baada ya hapo weka tabaka la sentimita 20, shindilia, tabaka jingine, shindilia. Udongo ulioshindiliwa vizuri haudidimii, na pia mizizi inapata taabu kuupenya.

Usiondoke bila kuchungulia chemba zenyewe. Mahali bomba linapoingia kwenye ukuta wa chemba ni dhaifu sana, kwa sababu chemba na bomba hukaa ardhini kila kimoja kwa namna yake. Mizizi inayoning'inia kutoka ukutani mwa chemba ikate, kwangua plasta iliyolegea, upige plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji.

Mti uufanye nini

Kama ungio limezibwa, mara nyingi huna haja ya kuufanya chochote. Ukilazimika kukata mzizi ndani ya mtaro, kata kwa msumeno mkali, mkato mmoja safi, usiuchane kwa koleo. Mzizi mnene kuliko sentimita 2.5 uache kama unaweza kupitisha bomba chini yake. Kukata mizizi minene karibu na shina, hasa pande zaidi ya moja, kunaunyang'anya mti nanga zake, na mti uliopoteza nanga huanguka siku ya upepo, si siku ya msumeno. Mwite mtaalamu wa miti kabla, si baada.

Na hata ukiukata mti mzima, kazi haijaisha. Mikuyu na mikaratusi huchipua kwenye kisiki, na mizizi yake inaendelea kuishi bombani. Ile inayokufa huoza na kuacha mashimo chini ya bomba. Kwenye udongo wa mfinyanzi kuna jingine: mti ulikuwa unanyonya maji mengi, ukiondoka, udongo unalowa na kuvimba, na kuvimba huko kunaweza kuinua bomba na hata msingi.

Kizuizi cha mizizi kinasaidia kikiwekwa kati ya mti na bomba: karatasi ngumu ya polithini, imesimama wima, kina cha sentimita 60 hadi 90, mdomo wake ukitokeza kidogo juu ya ardhi ili mizizi isiruke. Viungo vyake vipandane na kufungwa. Hakizuii mzizi milele, kinaupeleka kwingine.

Mabomba yenye matundu, yale ya kukausha uwanja au ya kunywesha maji ya tanki ardhini, hayana ungio la kuziba, kwani yametobolewa makusudi. Kitambaa cha kuchujia hupunguza tatizo tu. Kwa hayo dawa ni umbali: panda majani juu yake, usipande mti wala mianzi.

Kwa bomba lisilo na matundu, mti mdogo uwe mita 3 au zaidi kando yake. Miti mikubwa na yenye kiu, kama mikuyu, mikaratusi, na mipopla ya nchi za baridi, iende mita 10 na kuzidi.

Mwisho wa kazi, chora ramani. Pima kila ungio jipya na kila chemba kutoka kona mbili za nyumba, andika kina na tarehe, uiweke mahali ambapo mtu mwingine ataikuta. Fungua chemba baada ya miezi sita, halafu mara moja kwa mwaka. Ukiona uzi mmoja mweupe umechungulia kwenye mdomo wa bomba, usiukate ukaondoka. Pima unatoka umbali gani, linganisha na ramani, na utajua kama ni ungio lako jipya au ni lile la jirani ambalo uliliacha.